Mlango Uko Wazi, Mbona Hatutoki?

Mpenzi msomaji, hebu jiulize kwa ukweli: tangu mwaka uanze umesema mara ngapi kwamba unaachana na mitandao ya kijamii? Mimi nikikaa na wenzangu saluni, ofisini au kwenye kikao cha harusi, sikosi kumsikia mmoja akisema, "Jamani nimechoka, naifuta hii kitu." Wiki inapita, mwezi unapita, bado yumo, na ndiye wa kwanza kuipenda picha yako. Simcheki. Mwezi huu nataka tuongee kwa nini kutoka ni kugumu namna hii, maana wengi tunajilaumu kwamba hatuna msimamo, wakati ishu si msimamo peke yake.

Mimi na mume wangu tulipata sababu ya kutoka mwaka 2022. Nilikuwa na mimba ya wiki kumi na moja. Kwetu jambo kama hilo halipigiwi tarumbeta mapema, unalitunza mpaka lijionyeshe lenyewe. Tulikuwa tumewaambia watu sita tu. Mmoja wao alikuwa wifi yangu anayeishi Dar es Salaam. Kwa furaha yake, wala si kwa ubaya, akaweka picha yangu kwenye ukurasa wake na maneno ya kunipongeza, tena akaunganisha na jina langu ili na rafiki zangu waone. Kufikia jioni pongezi zilikuwa zimepita mia moja. Wiki mbili baadaye mimba ikatoka.

Wifi aliifuta ile picha siku hiyo hiyo, akanipigia simu huku analia. "Wifi, nilifurahi tu jamani." Najua alifurahi, na sikumkasirikia. Lakini habari ikishatoka haina kurudi. Kwa miezi kadhaa watu waliendelea kuniuliza naendeleaje. Mwezi ambao mtoto angezaliwa, dada mmoja niliyesoma naye sekondari aliniandikia kutoka Muscat kuuliza ni wa kike au wa kiume. Na mtandao mmoja, ambao sikuwahi kuuambia lolote, ukawa unaniletea matangazo ya nepi na vitanda vya watoto kila nikifungua simu.

Usiku mmoja mume wangu aliniona nimeishika simu nimenyamaza, akasema, "Mke wangu, tutoke huku." Nikakubali.

Sasa, kutoka kwenyewe kukoje? Mlango upo, asikudanganye mtu. Ukiomba kufuta akaunti ya Facebook au Instagram, unapewa siku 30 kabla haijafutwa, na ndani ya siku hizo ukiingia tena unaweza kughairi. Baada ya hapo Facebook wenyewe wanasema inaweza kuchukua mpaka siku 90 kuondoa kila kitu kwenye hifadhi zao. Na ujue kuna kuzima na kuna kufuta. Ukizima tu, unajificha kwa muda na vitu vyako vyote vinakusubiri. Wengi tunazima halafu tunatangaza kwamba tumefuta. Hata ukifuta kabisa, ujumbe uliomwandikia mtu unabaki kwenye kikasha chake, na picha alizokupiga yeye zinabaki kwake.

Siku 30 hizo ni mtihani. Unakumbuka picha za mahafali, za marehemu baba, za siku mlipokutana. Ushauri wangu kwa anayetaka kuondoka: anza kwa kuomba nakala ya picha zako, mtandao unakuruhusu. Kisha angalia ni programu gani nyingine unazoingilia kwa akaunti hiyo hiyo, usije ukajifungia nje ya vyumba ambavyo hukukusudia kuvihama.

Hapo ndipo mimi na mwenzangu tulipogawanyika. Yeye ni mwongoza watalii. Kama unaijua Arusha, unajua kazi hiyo inavyokwenda siku hizi. Safari inatangazwa kwenye grupu la WhatsApp usiku, anayejibu kwanza ndiye anayelala Serengeti keshokutwa. Mgeni akirudi kwao anamtumia picha za simba, na rafiki wa mgeni anamtafuta kwa namba ile ile. Msimu wa Juni mpaka Oktoba ndio unaolipa ada za shule na kodi ya nyumba. Kumwambia atoke ni sawa na kumwambia muuza nyanya ahame Soko la Kilombero akauzie nyumbani kwake. Nyanya ni zile zile, ila wanunuzi hawapo.

Basi tukaamua nitoke mimi, yeye abaki kwa ajili ya kazi. Nilifuta Facebook, nikafuta Instagram, na WhatsApp pia. Nikabaki na simu ya kupiga na ujumbe mfupi. Nyumba yetu ya Engutoto ikatulia, nikasoma vitabu vitatu mwezi wa kwanza, nikalala vizuri. Utamu huo sikukatazi kuuonja.

Nilichokuwa sijakitarajia ni jinsi watu walivyokusoma kutoka kwangu. Kwenye grupu, mtu akiondoka, majina hayakosi kuhesabiwa. (Tangu Agosti 2022 WhatsApp wamekuwezesha kuondoka bila grupu zima kujulishwa, wanaoarifiwa ni maadmini tu. Lakini kwenye kamati ya harusi yenye watu kumi na wanane, nani asijue?) Mweka hazina wa sendofu ya binamu yangu alinipigia: "Dada, umetususa? Au ni ule mchango?" Shoga yangu wa Sakina akanong'onezwa kwamba ndoa yangu ina mgogoro. Jirani akadhani nakimbia madeni. Kwetu sisi, kutoka kwenye kikao hakuitwi faragha, kunaitwa kususa. Hakuna aliyewaza kwamba nimechoka tu.

Kisha ukaja msiba. Mama mdogo wa mume wangu alifariki Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Meru. Tangazo likawekwa kwenye grupu la ukoo saa nne usiku: mwili unachukuliwa lini, usafiri unaondokea wapi, maziko saa ngapi. Mume wangu alikuwa porini na wageni, mtandao haukamati. Kila mtu alijua kwamba habari "imeshatangazwa", kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kunipigia. Nilipata taarifa siku ya pili mchana kutoka kwa kondakta wa kifodi anayetoka kijiji kimoja nao. Nilifika wakati watu wanaosha sufuria.

Mama mkwe hakunisema. Alinishika mkono akasema tu, "Mwanangu, sisi tulijua unajua." Sentensi hiyo bado ninayo. Zamani kifo kilikuwa na mjumbe, kijana anatumwa nyumba kwa nyumba, na asipofika kwako lawama ni ya aliyemtuma. Siku hizi mjumbe ni grupu, na usipokuwemo lawama ni yako.

Kwa nini basi zamani tulihama bila shida? Wa rika langu mnaikumbuka Hi5. Miaka ya 2006 na 2007 tulikuwa tunakaa kwenye intaneti kafe za mjini karibu na Mnara wa Saa, tunalipia kwa dakika, kazi ni kubadilisha rangi za ukurasa na kuhesabu marafiki. Muda si muda sote tukawa Facebook. Hakuna aliyeaga, hakuna aliyefanya kikao. Tulihama pamoja kama harusi inayohama ukumbi, wala hapakuwa na uchungu kwa sababu kila uliyemtaka ulimkuta ulikokwenda. Tena kule hapakuwa na misiba wala michango, palikuwa na mapozi tu.

Linganisha na Januari 2021. WhatsApp walitangaza masharti mapya kuhusu taarifa zipi wanashirikiana na kampuni mama, dunia nzima ikapiga kelele, watu wakakimbilia Signal na Telegram. Tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka Februari 8 mpaka Mei 15. Na sisi tulipakua. Nami nilifungua Signal nikawakuta watu wanne, wawili kati yao ni mafundi wa kompyuta. Tulisalimiana, "Na wewe umekuja?" halafu kimya. Shangazi hakuja, kamati ya harusi haikuja, walimu wa shule hawakuja. Mwisho wa mwezi wengi walikuwa wamerudi walikotoka. Siri ndiyo hiyo: mtandao hauhamwi na mtu, unahamwa na ukoo.

Na usidhani una mitandao mitatu ya kuchagua. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, na mwaka 2014 ikatangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Jumatatu ya Oktoba 4, 2021 tulijionea wenyewe: jioni yote mitatu ilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita. Hapa mjini kuna waliozima na kuwasha simu mara kumi, kuna waliokwenda kununua bando upya wakidhani limekwisha. Mlango ni mmoja, vibao vya nje ndivyo vitatu.

Tukirudi kwenye faragha yenyewe, hapa kuna jambo ambalo miezi yangu ya nje ilinifundisha. Nilitoka mimi, taarifa zangu zikabaki. Picha zangu zilikuwa kwenye kurasa za watu wengine. Namba yangu ilikuwa kwenye vitabu vya simu vya mamia ya watu, na kila mmoja wao akiruhusu programu isome majina yake, mimi nimo, nipende nisipende. Mwaka 2018, kwenye sakata la Cambridge Analytica, watu kama 270,000 ndio waliojaza maswali ya ile programu ya kupima tabia, lakini Facebook walikadiria kwamba taarifa za watu mpaka milioni 87 huenda zilichukuliwa. Hao wengine hawakujaza chochote. Kosa lao, kama ni kosa, ni kuwa na rafiki.

Mfano wa karibu zaidi tunao mfukoni. Unajua mikopo ya simu, ile ambayo watu waliipa jina la kausha damu? Unapakua programu, inaomba kusoma majina yako, unabonyeza ndiyo kwa sababu una shida ya haraka. Ukichelewa kulipa, ujumbe unawafikia bosi wako, mchungaji wako, na mchumba uliyeachana naye mwaka juzi: mwambieni mwenzenu alipe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Mimi sijawahi kukopa huko, lakini niliwahi kuletewa ujumbe wa deni la mtu ambaye tulisafiri naye basi moja tu kwenda Dodoma, tukabadilishana namba. Na namba siku hizi si tarakimu tu. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao mwisho wake uliwekwa Januari 20, 2020, namba yako imefungwa kwenye kitambulisho chako. Anayeishika amekushika wewe.

Sheria tunayo, tuseme ukweli. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Kampuni ikiwa na taarifa zako, una haki ya kuuliza inazo zipi, kutaka zirekebishwe, na kulalamika Tume. Majirani zetu wa Kenya wameshaonyesha makali: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi za Kenya milioni 4.55 kwa kurusha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya starehe jijini Nairobi milioni 1.85 kwa kutumia picha ya mteja bila ruhusa yake. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, shule ikirusha picha ya mwanao akiwa na vazi la kuogelea, usione haya kuuliza umeidhinisha lini.

Lakini sheria haikai sebuleni kwa shangazi. Huwezi kumpeleka wifi yako kwenye Tume kwa sababu alikufurahia. Sehemu kubwa ya mambo yetu ya ndani haivuji kwa wadukuzi, inavuja kwa wanaotupenda. Hapo panatakiwa makubaliano, na makubaliano hayo yaanzie kwa wawili wanaolala nyumba moja.

Baada ya ule msiba nilirudi WhatsApp. Nilirudi kwa kupenda, macho yangu yakiwa wazi, na Facebook nimeiacha huko huko ilikofutiwa. Nipo kwenye magrupu manne: ukoo, kazi, shule anayosoma mtoto wa dada yangu ninayemlea, na majirani. Mume wangu ana laini mbili, moja ya wageni na magrupu ya kazi, nyingine ya nyumbani, na ile ya wageni inazimwa tukikaa mezani. Programu zinazoomba kusoma majina kwenye simu tunazikatalia, isipokuwa pale ambapo bila hivyo haifanyi kazi, kwani hayo majina si yetu, ni ya watu waliotuamini. Na tumeweka uthibitisho wa hatua mbili, ambao ni dakika tatu tu kuuweka.

Hayo ni ya simu. Ya watu yalikuwa magumu zaidi. Tulikwenda kwa mama mkwe Jumapili moja, wifi naye akiwa amekuja likizo, tukaliongea mezani. Tulikubaliana kwamba habari ya mtu inatangazwa na mwenyewe: mimba, ugonjwa, posa, kufukuzwa kazi. Ukitaka kuiweka picha ya mwenzio, muulize kwanza, naye akisema hapana asiulizwe kwa nini. Na msiba ukitokea, grupu litumike, ila kila nyumba ipigiwe simu na mtu mmoja aliyepangwa. Kwa upande wa mama mkwe aliyepangwa ni yeye mwenyewe. Alisema, "Hiyo ya simu ndiyo ilikuwa kazi yetu kabla ya hizo skrini zenu." Wifi alicheka, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama bado nina maumivu. Nikamwambia ninayo, lakini si juu yake. Tukakumbatiana, yakaisha.

Je, mpango huo unavunjwa? Unavunjwa. Mwaka huu mjomba mmoja alirusha picha ya baba mkwe akiwa kitandani hospitali na dripu mkononi. Lakini safari hii haikuwa mimi niliyelalamika. Wifi ndiye aliyempigia, na picha ikashuka kabla ya saa moja kwisha. Ukiwa peke yako na faragha yako unaonekana mwenye maringo. Mkiwa watatu, inaanza kuitwa adabu.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kama unataka kufuta, futa, na nakutakia siku 30 za ujasiri. Ila kabla ya kubonyeza, wapigie wale ambao usingependa wakuzike bila kukuona, uwaambie namba yako ni ile ile na mlango wako uko pale pale. Kama unabaki, hukushindwa. Umebaki kwa sababu watu wako wamo humo, na hilo si jambo la kuonea aibu.

Na kama una mwenzi, leo usiku simu zikiwa kwenye chaji, muulize swali moja tu: ni kitu gani chetu ambacho hungependa kitoke nje ya nyumba hii? Usibishane na jibu lake. Lisikilize tu, huenda utakuta ni kitu ambacho wewe ulipanga kukirusha kesho asubuhi.